Kama kanisa lenu linafunguliwa Jumapili tu, anzeni na kikao

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kyela, shemasi katika kanisa la Baptisti la kijijini kwao, aliniandikia hivi: "Shikamoo mama. Kanisa letu lipo tangu enzi za babu zetu. Siku hizi tunafungua Jumapili, tunasali, tunafunga mlango mpaka Jumapili nyingine. Vijana wote wanakimbilia kwenye makanisa ya mahema ya mjini. Mama, tufanyeje?"

Marahaba mwanangu. Siku ile nilikujibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa shambani, lakini swali lako limenikaa rohoni, na najua si lako peke yako. Kila anayenisoma ana kanisa dogo mahali fulani analolipenda na anatamani kuliona limesimama imara. Kwa hiyo leo naandika kwa urefu, tena naandika yale niliyoyapitia.

Mimi ni katibu wa kanisa la kijijini huku Rungwe, juu ya Tukuyu, kwenye ukanda wa chai na migomba ambako mvua haitupi likizo ndefu. Wamisionari wa Baptisti kutoka Marekani waliingia Tanganyika mwaka 1956. Huku kwetu walikuta Wamoraviani na Walutheri wameshatangulia tangu mwaka 1891. Ndiyo maana katika vijiji vyetu vingi Baptisti ni kanisa dogo, lililojibanza jirani na makanisa makubwa yenye kengele na shule. Nilipokabidhiwa ukatibu, watu walikuwa wanaingia, wanasali, wanapeana mikono mlangoni, kisha kila mmoja anarudi kwenye migomba yake. Mtu aliweza kuugua mwezi mzima na anayekaa naye benchi moja asijue.

Leo mambo ni tofauti, na sioni haya kusema najivunia. Njoo kwetu Jumamosi yoyote ya kwanza ya mwezi utukute: akina mama wanafagia na kumwagilia maua, vijana wanafyeka, wazee wanarekebisha mabenchi, watoto wa shule ya Jumapili wanapiga kelele nyuma ya kanisa. Chungu cha mbalaga, yaani ndizi za kupika, na maharage kipo jikoni. Hakuna aliyelazimishwa.

Wengi wakiuliza siri wanategemea niseme mkutano mkubwa wa injili, spika mpya, kinanda, mhubiri kutoka Dar es Salaam. Hapana. Sisi tulianza na kikao cha washirika. Kila mwezi, Jumapili ya pili, mara tu baada ya ibada. Hatuahirishi kwa sababu ya mvua, hatuahirishi kwa sababu mchungaji amesafiri. Akiwa hayupo, shemasi anashika kiti.

Sisi Wabaptisti hatuna askofu wa kutuamulia mambo ya kanisa la mahali. Washirika wenyewe, chini ya Kristo, ndio wanaomwita mchungaji, wanaochagua mashemasi, wanaopitisha matumizi. Mjane asiyejua kusoma ana kura moja, na mwenye duka ana kura moja. Huu ni urithi mkubwa, na ninaumia kuona makanisa yetu mengi yameuacha. Kikao kinaitwa mara moja kwa mwaka, tena kukiwa na ugomvi, halafu tunashangaa watu wanakaa kama wageni ndani ya nyumba yao wenyewe.

Nikueleze kilichotokea kwenye mojawapo ya vikao vyetu vya mwanzo. Mtunza hazina alisimama na daftari lake la kaunta, akasoma mapato: sadaka ya kawaida, fungu la kumi, shukrani, "na mengineyo". Akakaa. Mchungaji akauliza kama kuna swali, kimya. Tulikuwa tumezoea kunyamaza. Ndipo mama mmoja mjane, aliyekaa nyuma karibu na mlango, akanyoosha mkono. Akasimama taratibu, akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akasema: "Mimi nilileta kuku. Jogoo mwekundu. Sijasikia jogoo wangu."

Wengine walicheka. Mtunza hazina hakucheka. Akafungua daftari tena, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akakuta jogoo amefichwa ndani ya "mengineyo", pamoja na mayai ya mtu mwingine na debe la mahindi. Akasimama mbele ya kanisa zima akamwomba radhi yule mama, kisha akaandika palepale: jogoo mmoja, shilingi 15,000, na jina lake. Akalisoma kwa sauti. Yule mama akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akakaa.

Tangu siku hiyo neno "mengineyo" halipo kwenye daftari letu. Kila kitu kinaandikwa kwa jina lake, yai ni yai na mkungu ni mkungu. Na sadaka iliongezeka, bila mahubiri hata moja ya kutishia watu na maneno ya nabii Malaki kuhusu fungu la kumi. Mtu akijua jogoo wake ataitwa jogoo, anatoa.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, watu wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wanyamaze wasivunje umoja. Waliita jamii yote ya wanafunzi, na jamii ikachagua watu saba. Basi kile ni kikao cha washirika, na kilitokana na manung'uniko ya chakula. Kanisa linaloogopa manung'uniko linafukuza wajane wake, narudia tena, linafukuza wajane wake.

Katika kikao ndimo mengine yote yalimozaliwa. Kutembelea wagonjwa, kwa mfano, hakukutoka kwa mchungaji. Kulitoka kwa baba mmoja aliyesema tu kikaoni kwamba alilazwa akarudi nyumbani, na hakuna mshirika aliyebisha hodi kwake. Aliongea bila hasira, na hilo ndilo lililotuchoma. Tukakubaliana palepale: kila Jumatano ya wiki ya tatu, makundi mawili, kundi la juu ya barabara na kundi la chini, linabeba sukari, sabuni na kipande cha Neno. Anayetembelewa si lazima awe mshirika wetu. Tunakwenda kwa Mmoraviani, kwa Mwislamu, kwa mlevi. Ukiniuliza ni wangapi wamebatizwa kwetu kwa sababu ya mahubiri na wangapi kwa sababu ya ile sukari, nitakujibu sukari.

Msiba nao una utaratibu wake. Zamani kila mtu alikuja na alichonacho, mara kuni zinazidi na maji hakuna. Sasa kuna mfuko wa rambirambi unaochangwa kila mwezi, kidogo kidogo, na orodha ya nani anabeba maji, nani anapika, nani analala na wafiwa. Sitaeleza sana, kila kijiji kina desturi zake.

Sasa nizungumzie jambo ambalo bado linaniuma, na nimejaribu kulisamehe. Mwaka mmoja upepo wa masika uliezua upande mzima wa paa la kanisa. Bati zilikutwa kwenye shamba la chai zimekunjwa kama karatasi. Kabla ya hapo alikuwa amekuja mgeni mmoja mwenye cheo kutoka mjini, simtaji, akaona akina mama wanaleta sadaka ya ndizi na mayai mbele, akasema kwenye maikrofoni kwamba kanisa la kapu la ndizi haliwezi kufika popote. Tukameza. Paa lilipoezuliwa alitupigia simu, akaahidi bati. Tulisubiri. Tulisali chini ya turubai, mvua ikipiga mpaka mhubiri hasikiki. Bati hazikuja, wala simu haikuja tena.

Lile kapu la ndizi ndilo lililoezeka kanisa. Kikao kiliamua kwamba kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, sadaka zote za mazao zipigwe mnada nje baada ya ibada, na pesa yote iende kwenye bati, mbao za kenchi na misumari mpaka paa likamilike. Kama hujawahi kuona mnada wa kanisa la kijijini, hujui furaha ni nini. Kijana wetu mmoja wa kwaya ndiye dalali. Anainua mkungu begani: "Mkungu wa mama fulani huu, umeiva jana! Elfu tano naiona, nani anaongeza?" Mwalimu anasema sita. Fundi pikipiki anasema saba. Bibi mmoja anasema elfu saba na mia tano, watu wanashangilia. Mwalimu anaununua kwa elfu kumi, kisha anauchukua na kuukabidhi kwa mjane mwenye wajukuu wengi, na dalali anashika yai moja anaanza upya. Yai moja kwetu limewahi kuuzwa mara nyingi asubuhi moja, kila anayelinunua analirudisha lipigwe tena. Tulinunua bati za geji 28, si zile nyepesi, na tulimlipa fundi bila deni. Sikuandika barua kumjulisha yule mgeni. Nilitamani, lakini sikuandika.

Kuhusu vijana nitasema machache. Vijana hawakimbilii mahema kwa sababu ya spika tu. Wanakwenda mahali wanapopewa kazi. Sisi tumewapa kipande cha uwanja wa kanisa wakapanda parachichi za aina ya Hass, miche iliyobebeshwa, na wanaitunza wenyewe. Kila mwezi mmoja wao anasoma ripoti ya shamba kikaoni kama mtu mzima, anaulizwa maswali kama mtu mzima. Mwaka wa kwanza mpaka wa tatu hapakuwa na cha kuvuna, palikuwa na magugu tu, lakini ripoti ilisomwa. Kwaya ni Alhamisi jioni. Basi.

Meza ya Bwana ni Jumapili ya kwanza. Ubatizo hauna mwezi wake maalumu, unategemea mafundisho yameisha lini na kijito kimejaa kiasi gani. Sisi tunabatiza wanaoamini, tena kwa maji mengi, na maji ya huku juu ni baridi ya kukata mifupa. Akina mama husubiri ukingoni na khanga kavu na chupa za chai. Hata wasiosali kwetu huja kutazama.

Kuna watu wataniambia kwamba mambo ya kalenda ni ya kimwili, kwamba Roho hafuati tarehe. Ndugu zangu, someni historia yenu. Mwaka 1784 makanisa ya Baptisti ya Northamptonshire, Uingereza, mengi yakiwa makanisa madogo ya vijijini na miji midogo, yalikubaliana kwa ushauri wa mchungaji John Sutcliff kukutana kwa maombi saa moja tu, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Walishika siku hiyo mwaka baada ya mwaka. William Carey alikuwa mchungaji wa kijiji cha Moulton katika eneo hilohilo, anashona viatu na kufundisha watoto ili apate kula. Tarehe 2 Oktoba 1792, katika nyumba ya mjane mmoja mjini Kettering, kikundi kidogo cha wachungaji hao walianzisha chama cha kupeleka injili nje, wakaahidi pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Mwaka uliofuata Carey alikuwa India. Hawakuwa na mfadhili kutoka mbali. Walikuwa na Jumatatu moja kila mwezi ambayo hawakuiacha.

Na sisi tuna nini cha kutuzuia? Tunashika siku ya gulio. Tunashika siku ya kikoba, na anayechelewa anatozwa faini. Siku ya chama tunatembea kwa miguu kwenye matope. Lakini kikao cha kanisa kikipangwa, mvua kidogo tu tunasema tusogeze mbele. Ukisogeza mara moja, mwezi unaofuata nusu hawaji kwa sababu hawajui ni lini. Shikeni siku. Waje watatu, fanyeni. Someni hesabu, ombeni, fungeni. Mwezi unaofuata siku ileile, fanyeni tena. Mkiisogeza siku, mmeua kikao.

Mwanangu wa Kyela, katika ujumbe wako wa pili uliuliza kama mchungaji atakasirika ukiita kikao. Usiite wewe. Nenda na mashemasi wenzako nyumbani kwake, jioni, mkiwa mmetulia, mumwombe atangaze mwenyewe na akae kwenye kiti. Mtunza hazina apewe taarifa mapema, asivamiwe mbele za watu. Ajenda zisizidi tatu: muhtasari uliopita, hesabu, na wagonjwa na wafiwa wa kijiji. Ya ujenzi na kinanda acheni kwanza. Kikao cha mwanzo kisizidi saa moja, watu wana njaa baada ya ibada. Na yule atakayekuwa wa kwanza kuuliza swali, hata akiuliza kwa ukali, mchungaji amjibu kwa heshima, kwa sababu wote waliobaki kimya watakuwa wanaangalia anajibiwaje.