Jengo halilindwi kisa tu ni la Mjerumani

Mkuu umeuliza kama jengo lenu la zamani la Mjerumani hapa Tabora ni marufuku kuvunjwa kupisha nyumba za bei nafuu. Hapana, kuwa la Mjerumani peke yake hakulifanyi liwe marufuku kuvunjwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, sasa hapa Tabora Mjerumani kaja miaka ya 1890 huko na reli imefika 1912, kwahiyo majengo yake yote ni ya baada ya huo mwaka, mpaka waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali ndo linakua na kinga. Hiyo sheria niliisoma mwenyewe kipindi tunabishana hivihivi mtaani kwetu, watu wanatajataja tu "ni la kihistoria" bila kuuliza tangazo liko wapi. Tembe la Kwihara, ile nyumba ya zamani walikofikia wale wasafiri wa kizungu Livingstone na Stanley 1872, sio la Mjerumani, kwahiyo ni habari nyingine, msilichanganye humu.

Ila kutotangazwa haimaanishi mtu anaamka asubuhi na tingatinga, kibali cha kubomoa lazima kitoke halmashauri. Na kwa maoni yangu hilo jengo lenu likivunjwa nyumba hazitakua rahisi kivile, maana kinachomtoa mtu jasho ni saruji, nondo na bati, kiwanja kimoja cha mjini hakiwezi kushusha bei ya hivyo vitu. Zile kuta nene za mawe mbona unaweza kugawa vyumba ndani watu wakakaa, paa tu ndo litakula hela.