Kabla ya kuwasha seredani, muulize nahodha

Miaka yote niliyopika kwenye mashua za watalii kati ya Lamu na Kiwayu, niliungua vibaya mara moja tu. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kwenye mkondo wa Mkanda, mimi nimeinamia karai nakaanga samaki aina ya changu, nahodha akabisha, yaani akageuza chombo kukata upepo. Tanga likahamia upande wa pili, chombo kikalala, mafuta ya moto yakanimwagikia mguuni. Yeye alidhani nimemsikia. Mimi nilidhani atanisubiri.

Tangu siku ile sikaangi tanga likiwa juu. Karai hungoja mpaka tutie nanga. Njiani nachoma, au nachemsha kwenye sufuria ndefu isiyozidi nusu.

Seredani yangu, yaani jiko la mkaa, hukaa ndani ya sanduku la mbao lenye mchanga wa vidole vinne, na sanduku limefungwa kamba lisiteleze. Naliweka upande wa demani, ule upepo unakoelekea, cheche zipeperukie baharini, mbali na dumu la petroli la mashine. Lakini mkibisha, demani inageuka joshi, upande upepo unakotokea, na cheche zile zile sasa zinawarukia abiria na tanga. Ndiyo maana nahodha wangu wa sasa hupaza sauti, "Mpishi, nageuza!" na hageuzi usukani mpaka nimjibu. Vifuu, ingawa vinashika moto upesi, naviacha nyumbani. Vinarusha cheche mno.

Wenye boti kubwa hupikia gesi. Sawa, ila gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ufukweni upepo unaichukua; ikivuja chomboni inashuka kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo, na kutulia humo, ikingoja njiti au cheche ya mashine. Funga mtungini kwenyewe kila umalizapo, si kwenye jiko tu. Ukinusa harufu, usiwashe chochote, hata taa.

Mafuta yakishika moto, usimwage maji, hata kama umezungukwa na bahari nzima. Funika kwa kifuniko au sinia, kisha usifunue haraka. Na mkaa usiingizwe kamwe kwenye chumba cha kulala, hata mvua ikinyesha: hewa yake yenye sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

Watu wakishakula, mkaa huonekana majivu matupu. Nautumbukiza wote kwenye ndoo ya maji ya chumvi, naukoroga kwa koleo, nasikiliza mpaka uache kulia.