Barua zenu: trauti, vijito na makalavati

Mwezi uliopita nilieleza jinsi makalavati, yaani mabomba ya kupitishia maji yaliyofukiwa chini ya barabara, yanavyowafungia njia samaki aina ya trauti katika vijito vinavyoingia White River, huko Vermont, Marekani. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Hizi ndizo nilizochagua.

Samaki mtoni anaruka maporomoko ya mawe. Kalavati linamshindaje? (Msomaji, Morogoro)

Anayeruka ni samaki mkubwa, tena akipata kidimbwi chenye kina cha kujivutia kasi. Trauti wa asili wa vijito vya Vermont, wengi hawafiki hata shibiri, na makinda yao ni kama kidole. Bomba jembamba hubana maji, yakatoka kwa nguvu na kuchimba ardhi ya mbele. Miaka ikipita mdomo wa bomba hubaki unaning'inia. Hata anayebahatika kuingia, ndani hakuti jiwe la kujikinga nyuma yake apumzike, ni bati tupu mwanzo hadi mwisho. Na maji yanapopungua, mambo hugeuka: yanatandaa membamba ndani ya bomba hadi mgongo wa samaki unabaki nje.

Kwani akikaa mto mkubwa atakufa? (Msomaji, Kigoma)

Anaweza. Julai mto mkuu hupigwa jua, na trauti huyu huanza kutaabika maji yakizidi nyuzi 20 za Selsiasi. Vijito vya msituni vina kivuli na chemchemi, ndiko anakokimbilia. Oktoba na Novemba hurudi tena kutafuta changarawe safi ya kutagia. Halafu wapo waliozibiwa huko juu: ukame au mafuriko yakiwamaliza, hakuna ndugu atakayepanda kuziba pengo.

Mimi ni dereva wa lori hapa Burlington. Barabara zina mashimo, nyinyi mnadai pesa za kupanua mabomba kwa ajili ya samaki. Ni haki? (Msomaji, Vermont)

Kaka, swali lako ndilo nililolisubiri. Ikiwa ulikuwa Vermont tarehe 28 Agosti 2011, dhoruba Irene unaikumbuka: barabara zilikatika, vijiji vikabaki visiwa. Sehemu nyingi chanzo kilikuwa ni hilihili bomba. Mafuriko ya milimani hayaji na maji matupu, yanakuja na magogo na mawe. Bomba jembamba likameza gogo la kwanza, likaziba, maji yakapanda juu ya lami na kuondoka nayo. Ndani ya msitu wa taifa wa Green Mountain, vivuko vichache vilivyokuwa vimejengwa kwa kufuata upana wa kijito vilibaki vimesimama.

Mbinu yenyewe ni kukiiga kijito. Unapima upana wake pale maji yanapojaa hadi kingo bila kumwagika, kisha unajenga tao lisilo na sakafu, au daraja dogo, linalozidi upana huo. Kanuni za jimbo jirani la Massachusetts zinataka upana huo mara 1.2, yaani kijito cha mita 3 kipate uwazi wa mita 3.6. Chini unapanga mawe na changarawe kama vilivyo juu na chini ya kivuko, na kando unaacha ukingo mkavu ambao hata mbweha atapita. Ila usipimie mdomoni mwa bomba la zamani. Pale maji yamekwisha kupanua shimo lao, utadanganyika. Panda kijito hadi mbali na bomba, upime sehemu kadhaa.

Bei? Siku ya kwanza ni ghali kuliko bomba, sikufichi. Lakini bomba lililobebwa na maji utalilipia mara ya pili, pamoja na lami yake, na lori lako litakuwa limezunguka njia ndefu wiki nzima.

Si bora kuweka ngazi ya samaki, yaani vizuizi vidogo vya kutuliza maji, ndani ya bomba lilelile? (Msomaji, Mombasa)

Inasaidia pale ambapo bomba haliwezi kuondolewa kwa sasa. Lakini vizuizi vya ndani hunasa takataka, vinahitaji mtu wa kuvisafisha, na bomba hubaki jembamba vilevile.

Nasikia biva, yule mnyama mgugunaji wa mitoni, hujenga mabwawa ya matawi. Nao tuwabomolee? (Msomaji, Toronto)

Waacheni. Bwawa la biva linavuja, lina michirizi pembeni, na maji yakijaa trauti hulipita. Tena kalavati jembamba humvutia biva kuliziba. Likipanuliwa, mara nyingi ugomvi wake na idara ya barabara hupungua.

Mito ya Aberdare nayo ina trauti. Je, tufungue vizuizi vyote? (Msomaji, Nyeri)

Polepole, mama. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905, wakati wa ukoloni. Huko si wenyeji. Hata Marekani kwenyewe, huyuhuyu trauti wa Vermont akiwa Montana ni mgeni anayewasukuma nje trauti wa huko wenye alama nyekundu kooni, na wataalamu huacha maporomoko, au hujenga kizuizi makusudi, ili asiwafikie. Kwa hiyo kabla hamjagusa kizuizi chochote, tegeni nyavu juu yake na chini yake, mjue samaki gani wanaishi wapi. Ikiwa juu wamebaki samaki wa asili peke yao, mimi nisingeligusa hilo bomba.