Jibu: Wikendi Mwanza, sinema au matembezi?

Mkuu, umeuliza hela ya wikendi uimalizie sinema au utoke na familia. Mimi natoka, tena bila kusita. Filamu utaikuta hata kwenye simu. Sherehe za Bulabo, zile za ngoma za Wasukuma, huwa Juni: panda daladala ya Kisesa, chukua boda hadi Bujora, ukawaone Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji yenye upinzani wa jadi, wakishindana kwa ngoma. Wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya wakulima, wanarusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza mdundo, wengine wanacheza na chatu shingoni, na vumbi linakufikia hapo hapo ulipokaa. Watoto wanapiga kelele, kinamama vigelegele. Skrini haikupi hiyo! Kama Juni imepita, nenda Saanane, kisiwa cha hifadhi ziwani, boti ni dakika chache tu. Wahi asubuhi, pimbi wanaota jua maweni.