Mpira Unaokimbilia Kulia: Nilivyoipunguza Slaisi Yangu

Kabla sijapiga mpira wa kwanza, kedi wangu, yule anayenibebea fimbo, alikuwa ameshaanza kutembea taratibu kuelekea kwenye miti ya upande wa kulia. Hakufanya hivyo kwa dharau, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu sana. Alijua tu kwamba akisubiri hadi mpira uanguke, hatauona ulikoingia. Kwa miaka mitatu nilicheza gofu hapa Moshi nikiwa na aibu hiyo ya kila Jumamosi asubuhi, Mlima Kilimanjaro ukiwa wazi juu yetu na mpira wangu ukianza safari vizuri kabisa, kisha ukifika nusu ya njia unajipinda kulia kana kwamba kuna mtu kichakani ameuita kwa jina.

Ugonjwa huo wachezaji wanauita slaisi. Mke wangu aliponisikia nikilalamika kwenye simu kwamba slaisi imenimaliza, alidhani daktari amenikataza mkate. Kwa kuwa nimekutana na wengi wanaoumwa ugonjwa huohuo, hapa Moshi na kule Arusha, nimeona nieleze jinsi nilivyoupunguza, na hasa nieleze kipindi kimoja cha katikati ambacho sikuwahi kuonywa juu yake na ambacho kwa imani yangu ndicho kinachowakatisha tamaa wengi. Mimi si kocha. Ni mwalimu mstaafu wa fizikia aliyeanza gofu akiwa na zaidi ya miaka hamsini. Maelezo yangu ni ya mchezaji anayetumia mkono wa kulia. Mwenye shoto ageuze pande.

Jambo linalonichekesha mpaka leo ni kwamba sababu ya mpira kupinda nilikuwa nikiifundisha darasani. Mpira unaozunguka huku ukisafiri hewani huisukuma hewa upande mmoja, nayo hewa huusukuma mpira upande wa pili. Heinrich Magnus wa Ujerumani alilichunguza jambo hilo katikati ya karne ya 19, na katika miaka ya 1890 profesa mmoja wa Edinburgh, Peter Guthrie Tait, aliyependa gofu na ambaye mwanawe Freddie alikuwa bingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1896 na 1898, aliandika kwa kirefu juu ya mzunguko wa mpira wa gofu. Mpira ulionyooka unazunguka kinyumenyume tu, na mzunguko huo ndio unaouinua. Mhimili wa mzunguko ukilala kidogo upande wa kulia, nguvu iliyokuwa ikiinua mpira inaanza pia kuuvuta kulia. Yote hayo niliyajua, nikayachora ubaoni kwa chaki za rangi, na bado kila Jumamosi nilikwenda uwanjani nikafanya kinyume cha nilichofundisha.

Kinyume chenyewe kilikuwa hiki: nililenga kushoto. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akiona mpira unakwenda kulia, atasimama akiwa ameelekea kushoto ili mpira urudi katikati. Tatizo ni kwamba kinachoulaza mhimili wa mpira ni tofauti kati ya mahali uso wa fimbo unapotazama na njia ambayo kichwa cha fimbo kinapita wakati wa kugusa mpira. Ukielekeza mabega kushoto, fimbo nayo itapita ikikatiza mpira kutoka nje, yaani upande wa mbali na mwili wako, kwenda ndani, upande wa kushoto. Wakati huohuo mikono, inayokumbuka kwamba shimo liko pale mbele, inauacha uso wa fimbo ukitazama kulia kwa njia hiyo. Tofauti inaongezeka, na mpira unapinda zaidi ya jana. Wiki inayofuata unalenga kushoto zaidi. Nilifika mahali nilikuwa nasimama kana kwamba nampigia mchezaji wa shimo la jirani, na mpira bado uliniaga na kwenda kulia.

Kuna fundisho la zamani, lililoandikwa kwenye vitabu vingi, kwamba mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo na kuishia pale uso wa fimbo ulipotazama. Vipimo vya rada vilivyoenea miaka ya karibuni vimeonyesha kwamba sivyo. Mwelekeo wa kuanzia unatokana kwa sehemu kubwa na uso wa fimbo, hasa kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, na njia ya fimbo ndiyo inayoamua mpira upinde upande gani kutoka hapo. Maana yake kwa mgonjwa wa slaisi ni kwamba mtu anayeanza na njia akauacha uso, anaanza mahali pasipofaa. Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima nikijitahidi kupitisha fimbo kutoka ndani huku uso ukiwa umefunguka, yaani ukitazama kulia, na matokeo yake mpira ulianzia kulia na kuzidi kwenda hukohuko. Miti ilinipokea mapema zaidi.

Aliyeniokoa alikuwa kedi huyohuyo. Siku moja, baada ya mpira wa tatu kupotea, aliniomba ruhusa ya kusema neno.

"Mwalimu, samahani, naomba uweke fimbo chini kwanza. Uachie mkono wa kushoto uning'inie, kama mtu aliyetua ndoo."

Nikauachia.

"Sasa uangalie bila kuugeuza. Unaona vifundo vingapi vya vidole?"

Niliona viwili waziwazi na cha tatu kwa mbali. Akanipa fimbo, akaniambia nishike kama ninavyoshika siku zote, na sikuona hata kifundo kimoja. Kiganja changu kilikuwa ubavuni mwa mpini, kidole gumba kimelala katikati kabisa, kama mtu anayeshika mwavuli. Mkono unaoshikwa namna hiyo, ukizungushwa kwa kasi, unarudi wenyewe kwenye hali yake ya asili, na ukirudi unaugeuza uso wa fimbo kulia. Fimbo na mpira hugusana kwa muda wa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo hakuna binadamu anayeweza kuurekebisha uso pale mpira ulipo. Lazima urekebishwe kabla hujaanza, kwenye mshiko.

Namna nilivyojifunza kushika ni hii. Ninainua fimbo mbele ya uso wangu kwa mkono wa kulia, usawa wa macho, nikihakikisha ukingo wa chini wa uso wa fimbo umesimama wima. Ndipo ninapouleta mkono wa kushoto ukiwa umelegea, mpini unalala kwenye vidole na si katikati ya kiganja, kisha ninafunga vidole. Nikitazama chini naona vifundo viwili au viwili na nusu, na mfereji ulio kati ya kidole gumba na cha shahada unaelekea bega la kulia. Mkono wa kulia unafuata kwa namna hiyohiyo. Nasisitiza kuinua fimbo juu kwa sababu kuna mtego: ukibadilisha mshiko fimbo ikiwa chini, macho yaliyozoea uso uliofunguka yataona uso ulionyooka kama umefungwa, nawe bila kujua utauzungusha mpini kidogo kulia ili "upendeze". Hapo utakuwa umebadilisha mikono na kubaki na uso uleule wa zamani.

Sasa nakuja kwenye kipindi nilichokitaja. Nilipobadilisha mshiko, mpira uliacha kupinda kulia ndani ya siku mbili. Ukaanza kwenda kushoto, moja kwa moja, bila kupinda hata kidogo, ukivuka feawei, ile njia ya nyasi fupi, na kuingia kwenye nyasi ndefu za upande ambao sikuwahi kuukanyaga tangu nijiunge na klabu. Nilikasirika. Rafiki zangu walinishauri nirudie mshiko wa zamani, kwamba afadhali slaisi uliyoizoea. Nami nilikuwa karibu kuwasikiliza, mpaka nilipokaa nyumbani na karatasi, nikachora njia ya fimbo na uso wake kama nilivyokuwa nikiwachorea wanafunzi wa kidato cha nne. Njia yangu ilikuwa bado inakatiza kwenda kushoto, kama ilivyokuwa kwa miaka mitatu. Uso sasa ulikuwa unatazama kushoto kwa kiasi hichohicho. Kwa kuwa uso na njia vilikubaliana, mpira haukuwa na sababu ya kupinda. Na kwa kuwa vyote viwili vilitazama kushoto, mpira ulikwenda kushoto. Kwa hiyo mpira ule wa kushoto ulikuwa ushahidi kwamba nusu ya kwanza ya kazi imekamilika.

Kama una slaisi na umeanza kubadilisha mshiko, naomba ukivumilie kipindi hiki. Kwangu kilichukua wiki sita. Ndani ya wiki hizo jambo la ajabu linatokea bila kulazimishwa: mwili uliokuwa ukiogopa kulia unaanza kuogopa kushoto, na kwa woga huo fimbo inaacha polepole kukatiza, kwa sababu haina tena slaisi ya kuikimbia. Mabega nayo yanarudi mahali pake. Sikuwahi kuliona jambo hili likielezwa kwa wachezaji wa kawaida, na nadhani ndiyo sababu wengi wanabadilisha mshiko Jumamosi na kuurudisha Jumapili.

Ili kuusaidia mwili, nilifanya mambo machache. La kwanza ni mabega. Watu hukagua miguu kwa kuweka fimbo chini mbele ya vidole, lakini miguu inaweza kunyooka huku mabega yakiwa yamefunguka, yaani yameelekea kushoto. Laza fimbo kifuani, toka bega hadi bega, kisha uone inaelekea wapi. Mara nyingi kinachofungua mabega ni mpira uliowekwa mbele mno, mkono wa kulia ukilazimika kuufuata. Kwa draiva, mpira wangu sasa uko usawa wa kisigino cha mguu wa kushoto, upande wa ndani, wala si usawa wa kidole kidogo kama zamani.

La pili ni kandambili. Niliweka moja chini, karibu sentimita 30 nyuma ya mpira, na upana wa kiganja upande wa mbali na miguu yangu. Fimbo inayotoka nje itaipiga kandambili kabla ya mpira, na hutahitaji mtu wa kukuambia umekosea. Anza kwa mapigo ya nusu, miguu ikiwa karibu, na tumia kandambili uliyokusudia kuitupa.

La tatu linatokana na kazi yangu ya zamani: vumbi la chaki. Pakaza kidogo kwenye uso wa draiva, piga, kisha tazama alama. Nilishangaa kukuta mipira yangu mingi inagusa upande wa kisigino cha fimbo, karibu na mpini. Kwenye draiva, ambayo uso wake umebinuka kidogo, mguso wa kisigino unaongeza mzunguko wa kwenda kulia hata kama uso na njia viko sawa, kwa sababu kichwa cha fimbo kinajizungusha kwa kipigo na kuuvuruga mzunguko wa mpira. Nilisogea nyuma kwa nusu ya upana wa kiatu, na sehemu ya slaisi iliyobaki ikaondoka bila maombi.

Kuhusu vifaa nitasema kidogo tu, kwa kuwa wauzaji wameshasema vya kutosha. Draiva ambayo uso wake una mwinamo wa nyuzi 12 inasamehe zaidi kuliko ya nyuzi 9, kwa sababu mwinamo unaongeza mzunguko wa kinyumenyume na kufanya mhimili usilale sana. Hiyo ndiyo sababu ya mtu kupiga chuma namba 7, fimbo fupi yenye mwinamo mkubwa zaidi, kikanyooka, kisha akashika draiva na kuishia msituni. Kwa hiyo usijipime kwa chuma namba 7. Kinakubembeleza.

Na usijidanganye na hewa yetu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali zaidi na unapinda kidogo kuliko pwani. Wakati nilipojiona nimepona kabisa, baada ya raundi kadhaa nzuri kule Usa River, karibu na Arusha, nilisafiri kwenda Dar es Salaam nikacheza uwanja wa Lugalo. Hewa nzito ya pwani ilinionyesha kwamba sehemu ya uponyaji wangu ilikuwa ya mwinuko tu. Nilirudi kwenye kandambili kwa mwezi mwingine.

Hadi leo mpira wangu wa draiva unaegemea kulia kidogo mwishoni, hatua kumi hivi, na nimeamua kuuacha. Mmarekani Jack Nicklaus alishinda mashindano makubwa 18 huku akipendelea mpira unaorudi kulia kidogo, basi nami mstaafu wa Moshi sina haja ya kutafuta mstari ulionyooka kama rula. Slaisi halisi hunirudia nikichoka, kwa kawaida baada ya shimo la saba, na kila mara nikikagua nakuta kidole gumba cha kushoto kimerudi katikati ya mpini na vifundo vimepotea.

Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye shimo la kwanza, nikaweka mpira kwenye kijiti, kisha nikamtazama kedi wangu. Alikuwa amesimama katikati ya feawei, begani taulo, akinisubiri. Nilipoinua fimbo, akasogea nusu hatua kulia.