Watoto kumtangulia bi harusi

Dadangu, umeuliza kama wanao, wa miaka mitatu na mitano, wamtangulie mdogo wako na maua usiku wa kupamba, bi harusi anapoonyeshwa kwa wanawake akiwa amepambwa, hapo Lamu, nawe waogopa watalia ukumbini. Waache washiriki. Kupamba huchelewa, kwa hiyo walale mchana na wale kabla ya kuvishwa. Nguo wazijaribu mapema. Lesi ikiwasha shingoni, hakuna atakayetembea. Yule mdogo ashikwe mkono na mtu aliyemzoea, maana wewe utakuwa na wageni. Akigoma mlangoni, mpakate, bi harusi apite. Basi.

Kinachonitia wasiwasi ni piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini. Watoto wapakwe hina ya majani tu. Piko lenye rangi ya nywele huweza kubabua ngozi. Yakitoka malengelenge, nenda kwa daktari.