Jibu la swali la wiki: Katuni za zamani zilichorwa kwa ajili ya mashine ya kuchapa

Mhariri,

Mmeuliza: "Kwa nini katuni za majarida ya zamani zinasomeka vizuri hadi leo, ilhali za vijana wetu hufifia zikishachapwa?" Naona sababu kubwa ni kwamba wazee wale waliijua mashine ya kuchapa kama walivyoijua kalamu. Mchoro waliouweka mezani ulikuwa nusu ya kazi tu.

Mtazameni John Tenniel, aliyechorea jarida la Punch la London kuanzia 1850 hadi 1901, michoro zaidi ya 2,000, naye akiwa na jicho moja zima. La pili liliumizwa ujanani akicheza upanga na baba yake. Jumatano usiku wakuu wa jarida walikutana kwenye chakula wakakubaliana mada ya wiki. Ijumaa jioni mchoro ulitakiwa uwe tayari, tena si juu ya karatasi bali juu ya kipande cha mti mgumu uitwao boksi. Mti huo ni mwembamba, kwa hiyo vipande kadhaa viliungwa kwa skrubu ili kupata ukubwa wa ukurasa. Kila kitu kilichorwa kinyume, mkono wa kulia ukawa wa kushoto, ili kikichapwa kikae sawa. Kisha mafundi wa karakana ya Joseph Swain walichonga na kuondoa sehemu zote nyeupe. Kila mstari uliopigwa ulichongwa pande zote mbili, kwa hiyo mstari usio na kazi ulikuwa hasara kwa fundi. Na vipande vikilegea kidogo, ule mwanya unaonekana kwenye chapa hadi leo: mstari mweupe mwembamba uliokatiza picha.

Baadaye mchoro ulianza kupigwa picha juu ya bamba la zinki, na tindikali ikala pale pasipo na mstari. Hapo hakuna kijivu, ni nyeusi au nyeupe. Mchora katuni Mwingereza Phil May, aliyefariki 1903 akiwa na miaka 39, alikuwa bingwa wa enzi hiyo. Alichora kwanza picha iliyojaa, halafu akachagua mistari michache inayobeba umbo na kuiacha mingine yote. Wanaodhani uchache ule ulitokana na haraka wanamkosea sana.

Honoré Daumier wa Ufaransa, aliyefungwa 1832 kwa mchoro wa kumkejeli mfalme Louis-Philippe, ni habari nyingine. Vile vivuli vyake laini vilitokana na chaki ya mafuta juu ya jiwe la kuchapia lenye chembechembe. Kijana anayeviiga kwa penseli juu ya karatasi laini atapata doa jeusi gazetini. Hapa kwetu, Philip Ndunguru aliwachora wahusika Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la Sani kwa mistari ya nje iliyo wazi, na ndiyo maana waliistahimili karatasi duni.

Sasa kwa anayechora Bagamoyo leo. Chora mara mbili ya ukubwa utakaochapwa: nafasi ya sentimita 9, chora 18. Mistari ya kivuli iachane angalau milimita 1, maana ikipunguzwa inabaki nusu milimita, na wino hutambaa kwenye karatasi ya gazeti ukaziba nafasi. Herufi za maneno zisiwe chini ya milimita 5. Kabla ya kumaliza, nenda steshenari utoe fotokopi ya asilimia 50, uiangalie kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kilichopotea, kifanye kinene au kifute.

Hewa yetu ya pwani ni adui wa kalamu ya nibu, ile ya ncha ya chuma inayochovywa kwenye wino. Chumvi huiletea kutu, basi ioshe, ikaushe kabisa, uihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko. Karatasi ikinyonya unyevu, wino hutambaa na ukingo wa mstari unakuwa na manyoya. Zihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na uepuke manila za bei rahisi zenye uso wa kunyonya. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, maana ngozi huacha mafuta na wino hukataa kushika hapo. Penseli usiifute mpaka wino ukauke kabisa, na wakati wa masika hilo huchukua muda mrefu kuliko unavyotarajia.

Mwisho ni kutuma, na hapa kazi nyingi nzuri huharibika. Picha ya simu huleta kivuli pembeni, na kivuli hicho kikichapwa ni uchafu. Tumia skana, nukta 600 kwa inchi, kwa hali ya nyeusi na nyeupe tupu. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha hubanwa, na ukingo wa kila mstari unapata ukungu ambao mhariri hawezi kuuondoa.

Msomaji wenu, Bagamoyo